Kutafuta fanicha na picha za miaka ya 50 na 60 hapa Uganda, nyumba inapofungwa

Mwaka 2023 nilienda Jinja kuangalia kabati, nikarudi na kiti. Kabati lenyewe lilikuwa la chipbodi limevimba kwa maji, lakini pale pembeni ya mlango kulikuwa na kiti kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua meupe ambacho kila nyumba ya zamani ilikuwa nacho. Nikamuomba Jajja, yaani bibi mwenye nyumba, ruhusa nikigeuze. Chini ya ubao wa kukalia kulikuwa na herufi zimepigwa kwa chuma cha moto, E.A.R. & H., yaani reli na bandari za Afrika Mashariki. Mume wake alikuwa fundi wa reli. Nikafunua kile kitambaa na mkono wa kushoto ulikuwa na duara nyeusi, alama ya kikombe, Jajja akaniambia mzee alikuwa anaweka chai hapo kila jioni akirudi kazini. Nilikilipia shilingi laki moja na hamsini na sikupunguza hata mia.

Tangu hapo watu wananiuliza unavitoa wapi vitu hivi, na wengi wanafikiri lazima uende ulaya au uwe na pesa nyingi. Hapana. Vitu viko hapa hapa, Jinja, Entebbe, Mbale, Tororo, Kololo, Mengo, vingine vimewekwa nje kwenye veranda kuku wanalala juu yake. Tatizo ni kwamba hatuvijui, mtu anauza kiti cha mvule cha miaka sitini ili anunue sofa ya sponji ambayo miaka mitatu imekwisha, na hiyo inaniuma kabisa, ndio maana naandika haya yote.

Kwanza ujue unatafuta nini. Mtindo wa katikati ya karne iliyopita ni ule ulioshika baada ya vita kuu ya pili, tuseme 1945 mpaka kama 1970. Utautambua kwa wepesi wake: miguu myembamba, imechongoka kwenda chini na imetanuka kidogo nje, hakuna maua ya kuchongwa, hakuna simba, mbao inaonekana yenyewe, mgongo wa kiti umelala kidogo nyuma kama mtu anayepumzika. Ulaya walikuwa na wabunifu kina Hans Wegner na Arne Jacobsen kule Denmark, Uingereza walikuwa na fanicha za Ercol na G-Plan, Marekani kina Charles na Ray Eames. Kwetu ulifika na majengo. Angalia miaka yenyewe: bwawa la Owen Falls 1954, jengo la Uganda Museum lililochorwa na msanifu Ernst May nalo 1954, National Theatre 1959, uhuru 1962, Apolo Hotel 1967. Maofisi yote hayo, nyumba za wafanyakazi, mahospitali, zilihitaji viti na meza, na vingi havikutoka Denmark, vilitengenezwa hapa na mafundi wetu na mafundi wa Kihindi, hasa Masingasinga waliokuja na reli, kwa mbao ya mvule na mahogani ya huku huku. Kwa hiyo ukikiona kiti cha ofisi ya zamani usikidharau eti hakina jina la ulaya. Mimi ukiniwekea kiti cha Denmark na kile cha stesheni ya Tororo nitachukua cha Tororo, kwa sababu hicho hakuna mtu mwingine duniani atakitunza kama sio sisi.

Sasa utavipata wapi. Hapa hatuna ule utaratibu wa nchi za nje ambapo mtu akifa kampuni inakuja inabandika bei kila kijiko na watu wanapanga foleni asubuhi. Kwetu nyumba inafungwa kwa njia tatu nne hivi. Kuna wageni wanaohama, watu wa balozi na mashirika pale Kololo, Nakasero, Muyenga na Entebbe, hao wengi wanaondoka mwezi wa sita na wa saba shule zao zikifunga, na wanauza kila kitu wiki ya mwisho. Wengi wanauza vitu vipya lakini saa ingine yule mgeni alikuwa amenunua kiti cha zamani kwa sababu alikipenda na ndege haitakibeba. Kuna minada ya madalali wa mahakama, matangazo yake yako kwenye New Vision, Daily Monitor na Bukedde, kule nyuma kwenye kurasa ambazo watu hawasomi, mimi huzisoma kabla ya habari. Kuna taasisi zinazotoa vitu vya zamani, mashule, misheni, hospitali za kanisa. Na kuna familia ambayo mzee amefariki na watoto wako Kampala au London, nyumba inataka kuuzwa au kupangishwa.

Hiyo ya mwisho ndio yenye vitu vizuri kabisa na ndio inayotaka adabu nyingi kuliko zote. Usiende kwenye msiba na macho ya kununua. Nasema tena, usiende. Kwa Baganda kuna okwabya olumbe, siku ya kumaliza matanga na kumtangaza mrithi, na makabila mengine wana ya kwao, kabla ya hapo hakuna kitu cha marehemu kinachotoka. Tena kuna sheria: mali ya marehemu haiuzwi na yeyote tu, anayeuza awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, au wasia uliothibitishwa. Wewe uliza kwa upole, "nani msimamizi wa mali ya mzee?", na kama kijana mmoja wa nyumba anakuita jioni jioni uje na pikapu na usimwambie shangazi, wewe kaa nyumbani. Niliwahi kununua meza hivo, nilipewa haraka haraka na binamu mtu, wiki mbili baadaye dada mkubwa akanipigia simu analia, ile meza ndio mama yao alikuwa anakatia nguo za harusi zao. Niliirudisha. Pesa sikurudishiwa yote na sikudai.

Ukienda nenda asubuhi, mwanga ni muhimu kuliko kitu kingine. Beba tochi ndogo (ya simu inaharibu rangi, lakini inasaidia), futi ya kupimia, kitambaa chenye maji kidogo, kioo cha kukuza herufi, na pesa taslimu za noti ndogo kwa sababu mtandao wa pesa ya simu utakataa saa hiyo hiyo. Salimia watu wote kabla hujaangalia kitu chochote. Ukipewa chai kunywa. Hapo kwenye chai ndio utaambiwa kiti kilitoka wapi, nani alikikalia, na kwamba kuna kingine kama hicho kiko stoo.

Halafu ugeuze. Hilo ndilo jambo kubwa kwenye kazi hii yote, geuza kila kitu. Juu kila fundi anaweza kudanganya kwa vanishi, chini hakuna anayejisumbua. Kiti kikiwa juu chini angalia mbao pale ambapo rangi haikufika. Mvule ukikatwa ni wa njano njano, ukikaa miaka unakuwa kahawia ya asali iliyokolea, sasa ukiona juu ni kahawia nyeusi na chini ni njano mbichi, hicho kimetengenezwa juzi na kupakwa. Mahogani inaelekea wekundu. Musizi, mbao nyingine ya huku, ni nyepesi, ukikiinua kiti mkono wako wenyewe utakwambia. Mvule ni mzito, unakataa mchwa, na nyuzi zake zinapishana, ukiinamisha ubao kwenye mwanga unaona mistari inang'aa inazimika inang'aa, kama manyoya ya ng'ombe ukiyapitisha mkono kinyume.

Angalia skrubu. Za zamani hizi za kwetu nyingi zina mstari mmoja kichwani, zile za nyota nyingi ni za baadaye, ingawa kiti cha zamani kinaweza kuwa kimetiwa skrubu mpya na fundi aliyekitengeneza. Msumari wa zamani huwa umeacha kivuli cheusi kwenye mbao kwa sababu ya kutu. Vuta droo mpaka itoke kabisa, tazama pembe zake: fundi mzuri aliunganisha kwa meno yaliyoumana kama vidole vya mikono miwili, na ukitazama karibu meno hayalingani sawa sawa, moja nene moja jembamba, hiyo ni kazi ya mkono. Ukiona pembe zimepigwa pini na gundi tu, basi bei ishuke. Ukiona vitobo vidogo na chini yake unga laini kama wa ngano, kuna mdudu ndani bado anakula, usikiingize nyumbani kwako kabla ya dawa. Vitobo bila unga saa ingine ni vya zamani na mdudu alishakufa, gonga uone kama unaanguka mwingine.

Kisha alama. Hapa ndio napenda sana. K.U.R. ni reli ya Kenya na Uganda kabla ya 1948. E.A.R. & H. inaanza 1948 reli zilipounganishwa na ile ya Tanganyika, na mwaka 1969 bandari zilitengwa zikapewa shirika lake, kwa hiyo ile H mwishoni inakwambia kiti ni cha kati ya miaka hiyo miwili, huhitaji mtaalamu. P.W.D. ni idara ya kazi za umma ya wakoloni, ndio waliotengeneza viti vya nyumba za maofisa, vile vyenye mikono mipana ya kuweka kikombe na mgongo wa fito. Lakini angalizo: kitu chenye alama ya serikali, chuo au hospitali, dai karatasi kwamba kiliuzwa rasmi, wenyewe wanaita bodi-ofu. Bila hiyo karatasi unaweza kuambiwa umenunua mali ya umma. Vya kutoka nje, G-Plan mara nyingi alama iko ndani ya droo, Ercol wao walitumia miti ya elm na beech na migongo yake ni fito zilizopindwa kwa mvuke, vya Denmark vingi vimeandikwa chini kwamba vimetoka Denmark na vingine vina muhuri wa duara wa ukaguzi wa watengeneza fanicha wa huko.

Kuna alama ingine ambayo nataka uitazame kwa heshima. Mwaka 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na nyumba zilibaki na kila kitu ndani, sahani mezani. Fanicha nyingi za Jinja na Kampala za wakati ule zilipita mikono hivo. Nina kabati dogo la meza ya kujipambia, nyuma ya droo ya chini kuna hesabu za Kigujarati kwa penseli, tarakimu zimepangwa vizuri, labda mtu alikuwa anahesabu kitambaa au sukari. Fundi wangu alitaka kupiga msasa, nikamshika mkono. Hayo maandishi yanabaki. Na kama siku moja atatokea mtu akaniambia ni mwandiko wa mama yake, atachukua droo na kabati lake lote.

Sponji na vitambaa usihangaike navyo sana, vikiwa vimeoza ni sawa, vinabadilishwa. Wewe hangaika na fremu, kaa juu yake na uitikise: ikilia ni gundi imeachia, inarekebishika, ikiwa mguu umepasuka kwa urefu wa nyuzi ni shida.

Picha sasa. Hapa watu wengi wanapita kabisa, wanaangalia kochi na ukutani hawaangalii. Uganda ilikuwa na shule ya sanaa ya Makerere ambayo Margaret Trowell aliianzisha 1937, na kwa miaka ya 50 na 60 Afrika Mashariki yote ilikuja kusoma hapo. Gregory Maloba kutoka Kenya ndiye aliyetengeneza sanamu ya uhuru pale Kampala, yule mama anayeinua mtoto. Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro alichora vijiji, milima ya kijani na watu wadogo wadogo wengi wanafanya kazi, na picha yake ya 1956 ya wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko Museum of Modern Art kule New York. Elimo Njau, Theresa Musoke, Ignatius Sserulyo, Eli Kyeyune, Francis Nnaggenda, Jak Katarikawe wa Kigezi aliyekuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji mkubwa wa ng'ombe na ndoto, majina haya yakariri kama unavyokariri namba ya simu ya mama yako. Nommo Gallery, nyumba ya maonyesho ya sanaa pale Kampala, ilifunguliwa 1964, na wanafunzi wa Makerere waliwauzia walimu, madaktari, mapadri. Hao walimu na mapadri ndio nyumba zao zinafungwa sasa.

Tafuta nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye faili za shule, nyuma ya kalenda iliyotundikwa juu ya picha ingine. Usitafute rangi za mafuta peke yake, chapa zilizochongwa kwenye mbao au linoleamu zilikuwa za bei rahisi na ziko nyingi, karatasi nyembamba, wino mweusi, pembeni kwa penseli kuna namba kama 4/20 na sahihi, maana yake ni ya nne kati ya ishirini. Chukua kile kioo cha kukuza, ukiona picha imetengenezwa kwa vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa mstari, hiyo ni bango la kuchapwa kwa mashine. Geuza fremu (nayo geuza!), nyuma saa ingine kuna karatasi ya duka la fremu, tarehe, jina la aliyepewa zawadi. Hiyo karatasi ni sehemu ya picha, usiibandue.

Sahihi peke yake isikutoe pesa nyingi. Yeyote anaweza kuandika jina. Kama bei ni kubwa, piga picha mbele, nyuma na sahihi, uliza ruhusa kwanza, upeleke kwa watu wa shule ya sanaa pale Makerere wakuangalizie kabla ya kulipa. Na kama karatasi imegandana na kioo kwa unyevu, Entebbe na Jinja ziwa linafanya hivo sana, usivute. Hata kidogo. Nilivuta mara moja, picha ya rangi ya maji ya wavuvi, nusu ya mtumbwi ikabaki kwenye kioo na mpaka leo nikiikumbuka naumwa.

Na ukikuta pembe za ndovu, kitu cha gamba la kobe au ngozi ya chui, hata kama ni ya babu wa babu, weka chini. Sheria ya wanyamapori haiangalii kama unapenda vitu vya zamani.

Bei. Mimi naamini kumwambia mtu ukweli. Kama mama anataka elfu ishirini kwa kiti ambacho najua mjini kinafika laki mbili, namwambia, mama hiki ni mvule, cha reli, mimi naweza kukupa laki moja. Nimepoteza viti kwa sababu hiyo, mwenye kiti akaamua kukibakiza, na ni haki yake. Lakini pia nimepigiwa simu na nyumba nne zingine kwa sababu ya yule mama mmoja. Kwenye mnada ni tofauti, hapo jiwekee mwisho wako kwenye karatasi kabla hujaingia na ukifika usimame. Andikishana kila mara: kitu, bei, tarehe, jina la muuzaji, sahihi ya shahidi. Polisi wa barabarani wakisimamisha pikapu usiku na kabati juu, hiyo karatasi ndiyo itakayokuokoa.

Bodaboda hubeba kiti kimoja, ndio, lakini miguu myembamba hii haipendi, kifunge na blanketi la zamani na kitazame nyuma. Kitu cha vinia, yaani ubao mwembamba uliogundishwa juu, kisikae juani kwenye lori, kinafunguka kama kitabu.

Ukifika nyumbani usikimbilie msasa. Fundi wengi wa Nsambya na Katwe ni hodari lakini mazoea yao ni kukwangua mpaka mbao mbichi na kupaka vanishi ya kung'aa, na ukishafanya hivo umefuta miaka sitini mchana mmoja. Mwambie mapema, kwa maneno mepesi: usikwangue, safisha. Kitambaa na sabuni laini kidogo sana, ukauke siku mbili kivulini, halafu nta au mafuta ya linsidi kwa tambara, kidogo kidogo, futa yanayobaki. Yale matambara yenye mafuta yatandaze nje yakauke, usiyakunje ndani ya ndoo, yanaweza kuwaka moto yenyewe. Kama lazima msasa upite mahali, funga pua na mdomo, vumbi la mvule linawasha kifua na ngozi, na rangi ya kupaka ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu ndani, hiyo usiikwangue ikiwa kavu na watoto wasiwe karibu. Viungo vilivyolegea vifunguliwe vitiwe gundi ya mbao na kubanwa usiku mzima, msumari hapana.

Mwisho kabisa chukua karatasi, andika ulichoambiwa siku ile ya chai, uibandike chini ya kiti kwa gundi ya unga ili atakayekuja kukigeuza baada yako aikute. Ya kile cha Jinja inasema hivi: Kiti cha reli, E.A.R. & H., mvule. Kimetoka Jinja, nyumba ya fundi wa reli, kimeuzwa na mke wake, 2023. Mito mipya mwaka huo huo. Mkono wa kushoto una alama ya kikombe, tafadhali usiisugue.